Kutolingana kwa Ubora katika Filamu Mkusanyiko za Kutisha

Filamu mkusanyiko ni filamu moja ndefu iliyoundwa kwa hadithi fupi kadhaa, kila moja ikiwa na wahusika wake, mahali pake na mwisho wake. Aliyesoma kitabu kama Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine anaufahamu mpangilio huo, na aliyesimuliwa Alfu Lela Ulela anajua pia kwamba hadithi nyingi zinaweza kufungwa kwa kamba moja, yaani hadithi kubwa inayozizaa zile ndogo. Katika filamu za kutisha mtindo huu umependwa kwa miaka mingi, na mara nyingi kila hadithi hukabidhiwa mwongozaji wake. Hapo ndipo linapozuka lalamiko ambalo watazamaji hawaachi kulirudia: hadithi moja inakunyima usingizi, inayofuata inakuchosha, na ya tatu umeshaisahau kabla hujainuka kitini. Hali hiyo ndiyo inayoitwa kutolingana kwa ubora.

Maelezo mepesi ni kwamba waongozaji hawalingani vipaji. Yana ukweli wake, lakini hayatoshi, na filamu inayoyapinga vizuri kuliko zote ni Dead of Night, iliyotengenezwa Uingereza na studio ya Ealing mwaka 1945. Waongozaji wake walikuwa wanne: Alberto Cavalcanti, Charles Crichton, Basil Dearden na Robert Hamer. Msanifu majengo anafika katika nyumba ya shamba, na mara anapoingia anawaambia waliomo kwamba amekwisha kuwaona wote ndotoni. Nao wanaanza kusimulia, mmoja baada ya mwingine, mambo ya ajabu wanayoyajua. Hadithi inayosifiwa mno ni ya msanii wa jukwaani anayemsemesha mwanasesere aitwaye Hugo, mpaka mtazamaji hajui tena nani anamwendesha mwenzake. Hiyo ni kazi ya Cavalcanti. Lakini hadithi ya sherehe ya Krismasi, ambamo msichana anacheza mchezo wa kujificha na kumkuta mtoto anayelia peke yake chumbani, ni laini na inapita upesi bila kuacha jeraha. Nayo pia ni kazi ya Cavalcanti. Mwongozaji ni yuleyule, filamu ni ileile, na bado ubora umepishana. Chanzo basi hakiko katika kipaji peke yake.

Kwa maoni yangu chanzo kikubwa ni muda. Hofu haianzi pale jini anapotokea. Huanza pale mtazamaji anapoizoea nyumba kiasi cha kutambua kwamba kitu kimebadilika. Hamer aliielewa kanuni hii katika hadithi yake ya kioo. Mwanamume anapewa zawadi ya kioo cha kale, anakitundika chumbani, na siku moja akijitazama anaona nyuma yake chumba kisicho chake: kitanda cha kizamani chenye nguzo, na moto unaowaka mekoni. Anageuka, chumba ni kilekile chake. Anatazama tena kiooni, moto bado unawaka. Hakuna damu wala kelele, ila kwa kuwa tumekwisha kukaa katika chumba hicho na kukijua, kile kitanda kigeni kinatosha kutusisimua mwili. Mwongozaji asiyepewa nafasi ya kutuzoesha chumba hana namna ya kukigeuza, na hivyo hukimbilia mshtuko.

Ndiyo maana The ABCs of Death ya mwaka 2012 inapanda na kushuka kuliko karibu mkusanyiko wowote ninaoujua. Sehemu zake ni 26, moja kwa kila herufi ya alfabeti ya Kiingereza. Kila sehemu ilitengewa dola 5,000, waongozaji waliachiwa uhuru mkubwa, na kwa wastani hadithi haifiki dakika 5. Mtazamaji analazimika kuanza upya mara 26: huyu ni nani, hapa ni wapi, tuogope nini. Isitoshe, karibu kila hadithi inataka mwisho wa kushtua, na mshtuko ukishazoeleka mtazamaji hujikinga nao mapema.

Sababu nyingine ni ujirani. Hadithi ya wastani ikionyeshwa peke yake huvumilika, lakini ikiwekwa kando ya hadithi bora inaonekana duni kuliko ilivyo. Mwaka 1968 Roger Vadim, Louis Malle na Federico Fellini walitengeneza filamu moja, Histoires extraordinaires, kutokana na hadithi za Edgar Allan Poe. Sehemu ya Fellini, kuhusu mwigizaji mlevi anayeahidiwa gari la Ferrari jijini Roma na kuandamwa na shetani mwenye sura ya msichana anayecheza mpira, ina nguvu kiasi kwamba wengi huzitaja nyingine mbili kama njia tu ya kuifikia. Mkusanyiko wa mwongozaji mmoja, kama Kwaidan ya Masaki Kobayashi ya mwaka 1964, nao huwa na hadithi za kupishana, lakini rangi, sauti na mwendo ni vya mkono mmoja, hivyo pengo halionekani kama mpasuko.

Kupishana huku, hata hivyo, si kasoro kila kunapotokea. Katika Dead of Night hadithi ya Crichton ni ya wacheza gofu wawili wanaompenda mwanamke mmoja, na ni ya kuchekesha. Wengi huihesabu kuwa dhaifu kuliko zote. Mimi naitetea, kwa sababu imewekwa mara tu kabla ya hadithi ya Hugo: mtazamaji amecheka, mabega yamelegea, na hapo ndipo mwanasesere anapoingia. Udhaifu wake unafanya kazi, kwa kuwa kuna aliyeupangia mahali.

Filamu hiyo ilipopelekwa Marekani, hadithi ya gofu na ile ya Krismasi zilikatwa. Ukataji huo ulionekana kuondoa uzito usiohitajika. Lakini mwishoni ndoto ya msanifu inavunja kuta za hadithi zote na kumtupa kutoka moja hadi nyingine, akikimbia hadi katikati ya watoto wanaocheza kujificha. Na mtazamaji wa Marekani, ambaye sherehe ile hakuonyeshwa, akabaki kuwatazama watoto asiowajua.