Imeili ya kuomba linki sio tangazo la kuwatumia watu 2,000

Juzi tena mteja kanipigia, ana kampuni ya utalii Arusha, ananiambia "kaka nimepata listi ya imeili 2,000 za mablogu ya wazungu, tunga barua moja nzuri tuwatumie wote, wakikubali hata 20 si tumeshapata linki 20?" Yaani tovuti 20 zinazoelekeza kwake, ili apande kwenye Google. Jamani. Hiyo hesabu nimeisikia mwaka huu mpaka nimechoka, na inaniuma kwa sababu mtu anaenda kuharibu domeini yake mwenyewe, lile jina la tovuti na imeili zake, huku anaamini anajenga.

Kwanza hizo imeili nyingi hazifiki. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamebana, kila anayetuma anatakiwa awe na SPF au DKIM (mipangilio ya domeini inayothibitisha kwamba imeili imetoka kwako kweli), na anayetuma 5,000 kwa siku au zaidi awe na zote mbili pamoja na DMARC (inayosema zisizothibitika zifanyweje), alafu malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Hiyo 0.3 ni watu watatu tu kwenye kila elfu. Sasa wewe umewaandikia watu 2,000 hawakujui, wasibonyeze spamu watatu kwenye elfu kweli? Na domeini ikishachafuka haichafuki kwa imeili za linki peke yake, ni ileile unayotumia kujibu wageni. Nilishamsaidia mwenye hoteli moja ndogo Zanzibar aliyepita njia hiyo, majibu yake ya buking yakawa yanaangukia spamu, mgeni anasubiri bei haioni anaenda kulala kwingine, na ilituchukua miezi kuirudisha.

Tuseme zimefika. Mwenye blogu anafungua anakuta "Habari, nimependa sana makala yako, nasi tumeandika kitu kitakachowafaa wasomaji wako." Za hivyo anazipata kila asubuhi. Hujamwambia makala ipi wala umependa nini ndani yake, anafuta kabla hajamaliza mstari wa pili, na mimi ningefuta.

Mwaka jana kwa mteja mwingine wa Moshi nilikaa na blogu moja ya Mjerumani mpanda milima, nikasoma ukurasa wake wa Kilimanjaro mwanzo mpaka mwisho. Nikakuta mambo mawili. Kaandika kwamba njia ya Machame watu wanalala kwenye vibanda, na linki yake ya ada za hifadhi ukiibonyeza inakuletea 404, yaani ukurasa haupo. Nikamwandikia hivi: "Aya ya tatu umesema Machame wanalala vibandani. Vibanda vya wapandaji viko Marangu tu, yaani Mandara, Horombo na Kibo, Machame ni mahema. Pia linki yako ya ada za hifadhi imekufa. Sisi tuko Moshi na tuna ukurasa wenye ada za sasa, ukiona unawafaa wasomaji wako utumie, usipofaa naomba tu urekebishe hilo la Machame ili mtu asije bila begi zuri la kulalia." Basi. Alijibu kesho yake, kashukuru, kasahihisha na linki kaiweka, maana ukurasa wake ulikuwa na pengo na sisi tulikuwa na cha kuliziba.

Ilinichukua kama dakika 40, nyingi zikiwa za kusoma. Wateja wakisikia hivyo wanashtuka, dakika 40 kwa imeili moja! Ndiyo, unamwomba mtu afungue ukurasa wake, abadilishe kitu, na aweke jina lake nyuma ya tovuti yako bila malipo, unataka afanye hayo wewe hujampa hata dakika tano?

Kipimo changu ambacho namlazimisha kila ninayemfundisha: ukimaliza kuandika pitia sentensi mojamoja, ile ambayo ungeweza kumtumia mtu mwingine bila kubadilisha neno, futa. Ikibaki salamu tu, ujue bado hujasoma ukurasa wa watu.

Kuhusu DA, ile alama ya hadi 100 ya kukadiria nguvu ya tovuti. Wateja wananiambia "Nitafutie za DA 60 kwenda juu." DA ni kipimo cha kampuni ya Moz, DR inayofanana nayo ni ya kampuni ya Ahrefs, Google haitumii hata kimoja. Blogu ndogo ya wapiga mbizi wanaokijua kisiwa cha Mnemba itamfaa mwenye hoteli ya Zanzibar kuliko tovuti ya DA 70 inayoandika kamari leo na dawa za nywele kesho.

Kulipia linki sio "kawaida ya biashara". Ukilipa ili upande kwenye Google ni kuvunja sheria zao, linki ya kulipia inatakiwa iwe na alama ya sponsored, ipo tangu 2019, au nofollow, za kuiambia Google isiihesabu. Waliobishia haya, Penguin, sasisho la Google la kukamata linki za hila, iliwapitia Aprili 2012, kuna tovuti hazikurudi tena. Kubadilishana linki na jirani ambaye kweli mnapeana wateja hakuna shida, shida ni kubadilishana na kila anayepita.

Asipojibu? Kumbushia mara moja baada ya wiki, kwenye imeili ileile, inatosha. Na ukimwandikia mwenye blogu wa Mwanza au Mombasa anayeandika Kiswahili, mwandikie Kiswahili, hivi Kiingereza cha nini.

Listi ya yule wa Arusha tumeipitia jana usiku, kutoka 2,000 tumebaki na 14. Ya kwanza ni ya mama mmoja wa Uholanzi, ukurasa wake wa mabasi ya Arusha kwenda Nairobi bado una nauli za 2016. Nimemwambia mteja kesho asubuhi aende stendi aulize za sasa kampuni moja baada ya nyingine aziandike, alafu ndo tumwandikie.