Nunsio ni nani? Mjumbe wa Papa na kazi zake mbili

Kabla jina la askofu mpya halijatangazwa Roma, padre aliyechaguliwa huwa amekwisha kuulizwa kwa siri kama anakubali. Anayemuuliza, kwa niaba ya Papa, ni nunsio. Waamini wengi humwona mtu huyu mara chache tu, siku ya kumweka wakfu askofu au kwenye jubilei ya jimbo, amekaa karibu na altare akisubiri kusoma salamu za Baba Mtakatifu. Kwa sababu hiyo kazi yake haieleweki sana, ingawa inagusa maisha ya Kanisa kuliko tunavyodhani.

Neno lenyewe limetoka katika Kilatini, nuntius, yaani mleta habari. Kwa kawaida tunamwita balozi wa Vatican. Jina hilo linatosha katika mazungumzo, lakini linaficha jambo la msingi. Mji wa Vatican ni nchi ndogo ya hekta 44, iliyozaliwa kwa Mkataba wa Laterano wa tarehe 11 Februari 1929. Nunsio hatumwi kuiwakilisha nchi hiyo. Anawakilisha Kiti Kitakatifu, maana yake Papa mwenyewe pamoja na ofisi zinazomsaidia kuliongoza Kanisa. Ushahidi ni historia: kuanzia mwaka 1870, Roma ilipotwaliwa na ufalme wa Italia, hadi mwaka 1929, Papa hakuwa na nchi anayoitawala. Hata hivyo aliendelea kutuma wajumbe kwa mataifa na kupokea mabalozi wao. Ubalozi huu haujengwi juu ya ardhi.

Sheria za Kanisa zinampa nunsio kazi mbili, na mpangilio wake una maana. Ya kwanza ni kwa Kanisa mahalia, yaani Kanisa la nchi alikotumwa: kuimarisha umoja kati yake na Papa, kumweleza Papa hali ya Kanisa hilo, na kuwa karibu na maaskofu. Ya pili ni kwa serikali. Kwa hiyo ni mtu wa Kanisa kwanza, mwanadiplomasia baadaye. Anayeanza na upande wa serikali atamwona kama balozi mwingine yeyote aliyevaa kanzu, na hapo atakuwa amekosa kiini.

Kazi nzito kuliko zote katika upande wa kwanza ni kutafuta maaskofu. Jimbo likibaki wazi, nunsio huanza kuuliza: maaskofu wa jirani, rais wa Baraza la Maaskofu, mapadre washauri wa jimbo, na akiona vema, mapadre wengine, watawa na walei wenye busara. Anataka kujua imani ya mtu, afya yake, tabia yake, anavyotunza fedha, anavyoishi na mapadre wenzake. Kila anayeulizwa anafungwa na siri. Mwishoni huandaa orodha ya majina matatu, inayoitwa terna, na kuipeleka Roma pamoja na maoni yake. Papa yuko huru kuchagua mmojawapo, au kuikataa orodha yote. Lakini nunsio mvivu, au anayesikiliza watu wa aina moja tu, anaweza kuliumiza jimbo kwa miaka ishirini. Naliona hili kuwa jambo ambalo waamini wangepaswa kumwombea zaidi ya yote.

Hata hivyo si mkubwa wa maaskofu, kama baadhi wanavyoamini. Hawezi kumhamisha paroko wala kufunga parokia. Sheria inamtaka awasaidie maaskofu bila kugusa mamlaka yao halali.

Kwa serikali, hadhi yake inalingana na ya balozi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kibalozi unawataja manunsio katika daraja moja na mabalozi, na unaziachia nchi desturi ya kumpa mjumbe wa Kiti Kitakatifu nafasi ya mbele. Katika nchi zenye desturi hiyo, nunsio ndiye kiongozi wa mabalozi wote, hata kama amewasili jana. Kiti Kitakatifu kina uhusiano wa kibalozi na nchi zaidi ya 180. Mahali ambapo uhusiano huo haupo, Papa anaweza kutuma mjumbe wa kitume, ambaye kazi yake ni kwa Kanisa peke yake.

Mtu hufikaje huko? Wengi hupitia chuo cha Roma kilichoanzishwa mwaka 1701, kinachowaandaa mapadre kwa utumishi huu. Padre hatumi maombi kama anayetafuta ajira. Askofu wake humtoa. Husoma sheria za Kanisa, lugha, historia ya diplomasia. Tangu mwaka 2020 Papa Fransisko aliagiza kila mwanafunzi afanye mwaka mmoja mzima wa umisionari nje ya jimbo lake, uamuzi ambao kwangu ulikuwa wa busara sana, kwa kuwa mtu atakayewachunguza wachungaji lazima ajue harufu ya kondoo. Baadaye huanza kama katibu katika ubalozi mmoja, baada ya miaka michache anahamishwa, anapanda kuwa mshauri, tena anahamishwa. Augustine Kasujja wa Uganda, alipokwisha kuwa nunsio, alianzia Algeria na Tunisia mwaka 1998, akaenda Madagascar, kisha Nigeria, na mwisho Ubelgiji.

Anapoteuliwa kuwa nunsio huwekwa wakfu kuwa askofu mkuu, ila hana jimbo la kuchunga. Hupewa jina la jimbo la kale lililokufa zamani. Padre Mwitaliano Angelo Roncalli alipotumwa Bulgaria mwaka 1925 kama mjumbe wa Papa alipewa Areopolis, jimbo la jina tu. Alikaa Sofia karibu miaka kumi akiwa na Wakatoliki wachache kati ya Waorthodoksi wengi, kisha akapelekwa Istanbul kwa ajili ya Uturuki na Ugiriki. Mavazi ya dini yalipopigwa marufuku hadharani nchini Uturuki, alivaa suti na kuendelea na kazi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwasaidia Wayahudi waliokuwa wakiwakimbia Wanazi wapate njia ya kupita.

Mwishoni mwa mwaka 1944 akateuliwa Paris, mahali pagumu kweli. Serikali ya Jenerali de Gaulle ilitaka maaskofu walioshirikiana na utawala wa Vichy, ule wa Wafaransa waliokubaliana na Wanazi, waondolewe. Roncalli hakugomba wala hakukubali tu. Alidai ushahidi wa kila mmoja, akavuta muda, akazungumza, na mwishowe walioondoka walikuwa wachache. Mwaka 1958 mjumbe huyo wa miaka mingi alichaguliwa kuwa Papa, Yohane XXIII.

Kazi hii ina hatari pia. Desemba 1989 Manuel Noriega, mtawala wa Panama aliyekuwa akisakwa na jeshi la Marekani, alikimbilia nyumba ya nunsio José Sebastián Laboa. Askari walilizunguka jengo na kupiga muziki kwa sauti kubwa. Laboa hakumtupa nje wala hakumficha. Alimshawishi kwa maneno mpaka akajisalimisha mwenyewe tarehe 3 Januari 1990. Nchini Burundi, nunsio Michael Courtney, mzaliwa wa Ireland, alijitolea kutafuta maelewano kati ya serikali na waasi. Tarehe 29 Desemba 2003 gari lake lilipigwa risasi kusini mwa Bujumbura, akiwa anatoka mazishini. Alifia hospitalini.

Papa akifariki, wakuu wa idara za Vatican, isipokuwa wachache sana, hupoteza vyeo vyao papo hapo. Nunsio hubaki kazini. Kiti kikiwa wazi, mjumbe bado yupo pale alipotumwa, akipokea salamu za rambirambi kwa niaba ya yule aliyemtuma, na akisubiri kumtumikia Papa ambaye jina lake bado halijajulikana.