Namba kubwa kwenye chupa ya wiski si kipimo cha utamu

Wengi wakienda kununua zawadi ya single malt ya Uskoti, yaani wiski ya kimea cha shayiri kutoka kiwanda kimoja, huangalia kwanza namba: 12, 15, 18. Wanaamini kubwa ndiyo bora. Sivyo. Namba hiyo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo, kwa miaka iliyokaa ndani ya pipa la mwaloni. Sheria inataka angalau miaka 3. Ikishatiwa kwenye chupa haizeeki tena: ya miaka 12 ukiifungia kabatini miaka 20, bado ni ya 12.

Bei hupanda kwa sababu kila mwaka karibu asilimia 2 hupotea kwa mvuke. Tena ikikaa mno pipani, ladha ya mbao humeza ya kimea.

Muhimu ni ulimi wa mpokeaji. Ardbeg ya miaka 10, ya kisiwa cha Islay, ina moshi mzito, maana shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa peti, yaani udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kama kuni. Asiyeuzoea ataonja mara moja tu. Glenfiddich ya 12 ni laini, inanukia peasi. Anayeanza ningempa hiyo, hata kama nina hela ya 18.