Maji Yanayopotea Baada ya Mita

Ikifika Septemba, nyasi za uani katika nyumba nyingi za Tabora huwa zimekauka zote, kwa hiyo mwenye nyumba akiona mstari wa ukoka mbichi kati ya mita na ukuta wake hana sababu ya kufurahi, kwani aghlabu chini ya ukoka huo kuna bomba linalovuja. Hiyo ndiyo dalili iliyo rahisi. Uvujaji unaowaumiza wengi hauoteshi nyasi wala hauloweshi sakafu.

Mama mmoja wa Isevya, hapa Tabora, alitujia sisi wa mamlaka ya maji na ankara mbili mkononi. "Mwanangu," alisema, "kwangu tuko watatu tu, mita yenu inaniibia." Tulimwomba afunge koki zote, kisha tukainama naye juu ya mita. Kile kigurudumu kidogo kilichomo ndani ya kioo kilikuwa kinazunguka polepole, bila kusimama. Tukachukua kikombe cha chai ya rangi iliyokolea, tukaimimina katika tangi la choo, tukakaa nusu saa bila mtu kuvuta maji. Tuliporudi, sinki la choo lilikuwa na rangi ya kahawia. Mpira unaoziba tundu la chini ya tangi ulikuwa umechakaa, na maji yalikuwa yakiteremka usiku na mchana bila sauti.

Kipimo hiki kila mtu anaweza kukifanya. Andika tarakimu za mita, zile nyeusi na zile nyekundu, kabla ya kulala, na uzisome tena alfajiri kabla ya mtu yeyote kugusa maji. Nyeusi huhesabu uniti, na uniti moja ni lita 1,000. Nyekundu huhesabu sehemu za uniti, na ndizo zinazofichua uvujaji mdogo. Mwenye tenki la kuhifadhi maji afunge kwanza koki inayolijaza, la sivyo mita itasogea kwa sababu ya tenki na yeye atamsumbua fundi bure. Tarakimu zikiwa zimesogea, funga koki ya kuingilia nyumbani: kigurudumu kikiendelea kuzunguka, tatizo liko katika bomba la uani, kikisimama, litafute ndani.

Tone huwa linadharauliwa. Weka kikombe cha nusu lita chini ya koki inayodondosha. Kikijaa kwa dakika kumi, unapoteza lita 72 kwa siku, na kwa siku 30 ni lita 2,160, yaani zaidi ya uniti mbili ambazo hakuna aliyezioga wala kuzifulia.

Tenki la juu lina hila yake. Boya linalofunga maji tenki likijaa likikwama, maji hutoka kwa bomba la kumwagia ziada, na mafundi wengi hulielekeza bomba hilo nyuma ya nyumba au kwenye mfereji wa bati, mahali ambapo hakuna anayepita. Mimi hushauri lielekezwe karibu na mlango wa jikoni, hata kama halipendezi, ili likianza kumwaga wenye nyumba walione siku hiyohiyo. Na kwa kuwa tenki la lita 1,000 likijaa hubeba tani nzima ya maji, mnara wa mbao ukaguliwe miguuni. Mchwa wa huku kwetu haubagui.

Mabomba meupe ya plastiki yasiachwe juani, kwani jua huyafanya yakauke na kupasuka kwa urahisi yakigongwa. Yafukiwe kina ambacho jembe la bustani halifiki.

Kwa kawaida bomba lililo kabla ya mita ni letu sisi wa mamlaka ya maji, na lililo baada yake ni la mwenye nyumba, pamoja na maji yote yanayopotelea humo. Ukija kulalamikia ankara, njoo na karatasi yenye tarakimu za mita za usiku na za alfajiri, pamoja na saa ulizozisoma. Kwa karatasi hiyo fundi hujua aanzie wapi kabla hajatoka ofisini.