Sauti za Busara: yanayosemwa mitaani na yaliyomo ndani ya Ngome Kongwe

Kila Februari, upepo wa kaskazi ukiwa bado unavuma na masika hayajafika, Mji Mkongwe wa Zanzibar hupokea tamasha la muziki la Sauti za Busara. Lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na limekuwa likirudi tangu hapo, isipokuwa mwaka 2016, waandaaji walipolazimika kulifuta kwa kukosa fedha. Hata hivyo, wapo watu wanaoishi Michenzani, Kikwajuni au Malindi, umbali wa kutembea kwa miguu, ambao hawajawahi kuvuka lango la Ngome Kongwe, yanakofanyika maonyesho makuu, usiku wa tamasha, na wapo wengine wanaopanda boti kutoka Dar es Salaam wakija na matarajio yanayowanyima nusu ya walichokifuata. Katika hali zote mbili, kinachowazuia watu mara nyingi ni maneno yaliyozoeleka kuliko umbali wenyewe, na maneno hayo yanastahili kupimwa moja baada ya jingine.

«Tamasha ni la watalii, mwenyeji hana nafasi»

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi zaidi, na si vigumu kuona ilikotoka. Mtu akipita Forodhani, bustani ya pwani iliyo mbele ya ngome, jioni ya tamasha huona foleni yenye wageni wengi, na akiangalia bei mtandaoni hukuta zimeandikwa kwa dola, naye huhesabu haraka haraka na kuamua kwamba mambo hayo hayamhusu. Asichokijua ni kwamba bei ile ni ya mgeni anayetoka nje ya Afrika. Tiketi za Sauti za Busara hupangwa kwa madaraja kulingana na mtu anakotoka, na Mtanzania hulipa sehemu ndogo tu ya kile anachotozwa mtalii, ilimradi aweze kuonyesha kwamba ni Mtanzania. Kwa hiyo kitambulisho ni kitu cha kwanza cha kutia mfukoni.

Sisemi kwamba bei ya mwenyeji ni nyepesi kwa kila mtu. Baba au mama mwenye watoto wanne anayetaka kuwaingiza wote kwa siku zote atauhisi uzito wake, na hilo ni jambo ambalo waandaaji wa matamasha yote ya Afrika Mashariki wanapaswa kuendelea kulifikiria kwa dhati. Lakini ni vyema kujua hesabu inavyokwenda upande wa pili. Mapato ya langoni hayajawahi kutosha kuendesha tamasha la ukubwa huu, lenye kusafirisha wasanii, kuwalaza, kukodi mitambo na kulipa mafundi. Kwa miaka mingi pengo hilo limezibwa na wafadhili, Ubalozi wa Norway ukiwa miongoni mwao, na ufadhili ulipopungua tamasha liliyumba, kama ule mwaka 2016 ulivyoonyesha. Tiketi ghali ya mgeni ni mojawapo ya njia za kuiwezesha tiketi ya mwenyeji kubaki chini. Wingi wa wageni, kwa maneno mengine, hauthibitishi kwamba mwenyeji ametengwa.

Isitoshe, kuna sehemu za tamasha ambazo hazina tiketi kabisa. Msafara wa ufunguzi hupita mitaani na kuishia upande wa Forodhani, ukiwa na beni, vikundi vya ngoma, wanasarakasi na watoto wanaokimbia pembeni, na hakuna anayeulizwa chochote. Zipo pia shughuli za pembeni zinazofanyika mjini nje ya ngome, na katika baadhi ya miaka jukwaa limewekwa Forodhani penyewe, mahali ambapo familia zingekuja kupunga upepo hata kama hakuna tamasha.

«Wakubwa hupanda usiku, kwenda mapema ni kupoteza muda»

Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu anayeiamini huwa ameshalipa. Tiketi anayo, utepe wa mkononi ameshafungwa, kisha anakaa nyumbani au hotelini hadi saa tatu au saa nne za usiku akimsubiri msanii mmoja ambaye jina lake analijua.

Maonyesho huanza jioni na kuendelea hadi baada ya saa sita usiku. Ndani ya ngome hutumika sehemu mbili, yaani uwanja wa ndani wenye jukwaa kubwa, na ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia. Kundi moja linapopiga upande mmoja, mafundi upande wa pili huwa wanapanga vyombo vya kundi linalofuata, hivi kwamba mtu aliyeingia mapema anaweza kuhama kutoka sehemu moja hadi nyingine jioni nzima bila kukaa kimya akisubiri. Anayekuja usiku mwingi hukuta zaidi ya nusu ya ratiba imekwishapita, uwanja umejaa, na mahali pa kusimama ni kule nyuma ambako msanii huonekana kama kivuli chenye taa.

Jioni mapema ni wakati wa vikundi ambavyo havina jina kubwa bado, au vyenye jina kubwa kijijini kwao tu. Chukua kidumbak, muziki wa kuchezeka wa Unguja ulio ndugu wa taarabu. Ukisimama karibu na jukwaa utaona kwamba besi nzito unayoihisi kifuani inatoka kwenye sanduku, kisanduku cha mbao kilichofungwa mti na uzi mmoja, na kwamba mpigaji hubadilisha sauti kwa kuuvuta mti ule ili uzi ukaze, kisha kuulegeza, mkono mwingine ukiuchapa uzi. Pembeni yake kuna vile vidumbak viwili vyenyewe, ngoma ndogo za udongo, pamoja na cherewa za kutikiswa, mkwasa, yaani vijiti vya kugonganisha, na fidla inayokwenda mbio kuliko unavyodhani fidla inaweza kwenda. Hakuna kipaza sauti duniani kinachoweza kumfikishia mtu wa nyuma kile ambacho macho ya mtu wa mbele yanakiona mkononi mwa mpigaji sanduku. Hali ni hiyo hiyo kwa kanuni, chombo cha taarabu chenye nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani: kucha za kuchapia huvishwa kwenye vidole vya shahada kwa pete, na mtu aliye karibu huona jinsi vidole viwili tu vinavyoweza kuzalisha mvua ile ya noti.

Kwa maoni yangu, busara ya kuchagua cha kutazama ni kuweka alama kwenye majina mawili au matatu unayoyajua, halafu kujaza nafasi zilizobaki kwa majina usiyoyajua kabisa. Wasanii hawafiki pale kwa bahati. Huomba nafasi mwaka uliotangulia kwa kutuma kazi zao, na huchaguliwa kutoka kwenye maombi mengi kuliko nafasi zilizopo, kwa hiyo jina geni kwenye ratiba limeshapita kwenye chujio ambalo majina mengi maarufu hayakupita.

«Msanii wa radioni na msanii wa jukwaani ni mmoja»

Wapo wanaolalamika kwamba nyota fulani wa Bongo Fleva hawaonekani Ngome Kongwe na kuhitimisha kwamba tamasha linawadharau vijana. Ukweli ni kwamba Sauti za Busara ilianza na sharti moja ambalo limedumu, nalo ni kwamba muziki wote upigwe na kuimbwa papo hapo, bila pleibeki. Msanii ambaye nyimbo zake zimetengenezwa studio kwa kompyuta, na ambaye amezoea kushika kipaza sauti huku sauti yake iliyorekodiwa ikimwimbia, hana budi kutafuta bendi, kuifanyia mazoezi na kuupanga wimbo upya. Wapo waliofanya hivyo, na nyimbo zao zilitoka zikiwa na nyama zaidi. Sharti hilo ndilo pia linaloeleza mapumziko mafupi kati ya wimbo na wimbo, fundi anapopanda kurekebisha waya, au mpiga gitaa anapokaza nyuzi zilizolegezwa na joto na unyevu wa bahari. Mtazamaji asiyejua hilo hudhani kuna uzembe.

«Taarabu ni mipasho» na «hadhira njema hukaa kimya»

Dhana hizi mbili huja pamoja, hasa kwa vijana wa bara na kwa wageni. Mtu aliyeijua taarabu kupitia ile ya kisasa, yenye kinanda na vijembe vya wazi, huingia Ngome Kongwe na kukuta okestra ya fidla, udi (chombo cha nyuzi kama gitaa), nai (filimbi), kanuni, akodiani na ngoma ya dumbak, ikipiga utangulizi mrefu kabla mwimbaji hajafungua mdomo, naye hudhani ameletewa kitu cha makumbusho. Taarabu ya Unguja ina historia ndefu kuliko mipasho. Klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905, mwimbaji Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na Culture Musical Club imekuwapo tangu mwaka 1958. Bi Kidude, mwimbaji mashuhuri wa Unguja aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alipanda jukwaa la tamasha hili mara nyingi katika uzee wake, na wale waliomwona wanajua kwamba bibi yule mmoja aliimba taarabu na kupiga ngoma za unyago kwa mikono ile ile, bila kuona mpaka wowote kati ya hivyo viwili.

Ama kuhusu kukaa kimya, taarabu haikutungwa kwa ajili ya watu waliofungwa kwenye viti. Ukimtazama mwanamke aliyekaa kwenye ngazi za mawe na shoga zake, utaona anafuatisha maneno midomoni, kisha ubeti fulani ukamgusa, ubeti ambao huenda una mtu wake aliyelengwa umati ule ule, na hapo atainuka, ajifunge kanga vizuri, ashuke taratibu huku akicheza, noti imekunjwa kati ya vidole na mkono umeinuliwa juu ili ionekane. Atamfikia mwimbaji, atamtuza, atageuka na kurudi kwa mwendo ule ule. Mwimbaji hakatizi wimbo, na mara nyingi huurudia ubeti uliomwinua. Mgeni asiyejua huona kama vurugu, au hudhani kwamba ni ombaomba kwa upande wa msanii. Kutuza ni sehemu ya onyesho, ni jibu la hadhira kwa mtunzi, na anayependa anaweza kushiriki, ilimradi asipande jukwaani kujipiga picha wala kumziba mwimbaji. Kwa upande mwingine, udi unapopigwa peke yake mwanzoni, wenyeji wenyewe hunyamaza. Hadhira hiyo ina adabu zake, na njia rahisi ya kuzijua ni kuwatazama kina mama waliokaa mbele.

«Mtu wa heshima haendi»

Hili linahitaji kusemwa kwa uangalifu, kwa kuwa linagusa imani za watu, na kila mmoja ana haki ya kuamua yampasayo. Ninachoweza kusema ni kile kinachoonekana: wanawake waliovaa mabaibui huja, wazee wa kofia huja, watoto huja na wazazi wao saa za jioni, na miongoni mwa yaliyowahi kupewa jukwaa ni maulidi ya homu, yaani kaswida za kumsifu Mtume zinazoimbwa kwa dufu na miondoko ya mwili. Anayependa utulivu aje mapema na akae kwenye ngazi za ukumbi wa wazi, mbali na uwanja wa ndani ambako watu husimama na kucheza. Wageni nao wanapaswa kujua kwamba ngome iko katikati ya mji wa Waislamu, na kwamba kutembea vichochoroni mabega na mapaja yakiwa wazi huwaumiza wenyeji hata kama hakuna atakayewakemea.

«Ngome ile ni ya Wareno»

Husemwa hata na baadhi ya watembeza wageni. Wareno walikuwa na kanisa mahali pale, lakini ngome yenyewe ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kufukuzwa, mwishoni mwa karne ya 17. Baadaye ilitumika kama gereza, na ukumbi wa wazi wa maonyesho umeongezwa katika nyakati zetu.

«Nitaangalia baadaye mtandaoni»

Anayesema hivi hukosa zaidi ya anavyodhani, na anayerekodi kwa simu kwa ajili yake humkosesha na aliye nyuma yake. Mkono ulioinuliwa na kioo kinachong'aa humziba mtu mfupi kwa wimbo mzima, na kilichorekodiwa mara nyingi ni sauti iliyopasuka kwa ukaribu wa spika. Picha moja au mbili hazimdhuru mtu, lakini kurekodi onyesho zima na kulisambaza ni jambo jingine: Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na kazi ya msanii inalindwa hata anapoiimba hadharani.

Zaidi ya hayo, sehemu ya muziki wa tamasha haipo mahali pengine popote. Waandaaji wana utaratibu wa kuwakutanisha wanamuziki wa nchi mbalimbali, wengi wao wakiwa hawajawahi kuonana, siku chache kabla ya kupanda jukwaani. Hufanya mazoezi pamoja, kila mmoja akileta wimbo au mdundo wa kwao, labda mpiga marimba wa bara, mpiga udi wa Unguja na mwimbaji wa Afrika Magharibi, kisha huwasilisha walichokitengeneza mbele ya watu. Kundi hilo halina albamu wala ziara ya nchi nyingine, kwa kuwa tamasha likiisha wanakundi hurudi makwao. Anayelitaka aitafute saa yake kwenye ratiba ya siku husika, na afike kabla halijaanza.