Paka afungwe kizazi kwa njia gani? Maswali na majibu kwa wafugaji wa Uganda

Jike wangu analia usiku kucha na kubinua kiuno. Nikingoja msimu wake upite, si atatulia?

Huku kwetu msimu huo haupiti. Joto la paka jike, yaani kipindi anachotaka kupandwa, hufuata urefu wa mchana. Ulaya, mchana unapofupika wakati wa baridi, majike wengi hupumzika miezi kadhaa. Ikweta inapita Uganda, inakatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, na mchana ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Jike asiyepandwa atatulia siku chache, kisha baada ya wiki mbili au tatu anaanza tena. Akipandwa, mimba huchukua kama siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine wakati watoto wa kwanza bado wananyonya.

Kuna njia zipi?

Kwa jike, iliyozoeleka ni upasuaji wa kuondoa ovari, yaani vifuko vya mayai, pamoja na mfuko wa uzazi. Madaktari wengine wa mifugo huondoa ovari peke yake. Wenye paka huumiza kichwa juu ya tofauti hii, nami sioni kwa nini: homoni za joto zinatoka kwenye ovari, na zikiondoka, mfuko uliobaki kwa kawaida hausumbui. Mwache daktari atumie njia ambayo mikono yake imeizoea.

Dume huhasiwa kwa kuondolewa korodani zote mbili. Ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi ngozi haishonwi kabisa.

Kipo pia kipandikizi cha deslorelini kinachowekwa chini ya ngozi. Huzuia uzazi kwa muda tu, na si kila daktari anacho.

Kwa nini asifungwe mirija tu, kama binadamu?

Kwa sababu ovari zinabaki zikifanya kazi. Hatazaa, lakini kelele ziko palepale, madume watajaa uani, na hatari ya mfuko wa uzazi kujaa usaha inabaki. Dume aliyefungwa mirija naye ataendelea kupigana na kukojolea kuta. Umelipia upasuaji, na ulichokuwa unakikimbia bado unacho nyumbani.

Muuza dawa amenishauri sindano ya wanawake ya miezi mitatu. Si ni rahisi zaidi?

Hapa nakuomba ukatae. Dawa iliyomo, medroksiprojesteroni, inaweza kumfanya paka mfuko wake wa uzazi ujae usaha, matiti yavimbe, hata apate kisukari au saratani ya matiti. Kama alikwisha kushika mimba bila wewe kujua, uchungu unaweza kukataa kuja na watoto wakafia tumboni. Urahisi wake ni wa siku ya kwanza tu. Sindano inarudiwa na kurudiwa, na usaha ukijaa, upasuaji ule ule ulioukwepa unafanywa kwa haraka, kwa gharama kubwa zaidi, na kwa mgonjwa aliyekwisha dhoofika.

Apasuliwe akiwa na umri gani? Wazee wanasema azae kwanza mara moja.

Wazee wana mengi ya kweli, ila hili sivyo. Paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, ndiyo maana madaktari wengi sasa wanapendekeza afanyiwe kabla ya kutimiza mitano. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2005 ulikuta kwamba waliopasuliwa kabla ya miezi sita hatari yao ya saratani ya matiti ilipungua kwa 91%. Kuzaa mara moja hakumwongezei afya yoyote.

Dume akihasiwa ataacha kukamata panya?

Hapana, uwindaji haukai kwenye korodani. Atakachopunguza ni kuzurura na kupigana, na majeraha ya meno ndiyo yanayoeneza virusi vya kudhoofisha kinga ya paka (binadamu hawaambukizwi). Mfungie ndani wiki kadhaa baada ya kuhasiwa, maana mbegu zilizobaki mwilini zinaweza bado kumpa jike mimba. Na mpunguzie chakula: posho na mukene zile zile alizokuwa akila zitamnenepesha.

Dini inaruhusu?

Wanazuoni wa Kiislamu wametofautiana. Wapo wanaoruhusu kukiwa na manufaa na mnyama asiumizwe. Muulize sheikh wako.

Siku yenyewe nifanye nini?

Paka mkubwa asile tangu usiku, maji yasiondolewe hadi asubuhi. Mtoto wa paka hafungi muda mrefu hivyo, kwa hiyo fuata saa utakazopewa. Akirudi, alale ndani, mahali pa joto. Jike asilambe mshono wala kurukaruka kwa siku 10 hadi 14. Kidonda kikivimba, kikinuka au kikitoa maji, mrudishe siku hiyo hiyo.

Kamwe usimpe Panadol wala parasetamoli nyingine. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo. Dawa ya maumivu aitoe daktari.

Niende wapi, na niulize nini kabla ya kulipa?

Kampala kuna kliniki za wanyama wadogo, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Makerere. Mikoani anza na ofisa mifugo wa wilaya. Uliza kama bei inajumlisha nusukaputi, dawa ya maumivu na kutolewa nyuzi. Atakayekuambia paka dume hahitaji nusukaputi, kwamba wembe na gunia vinatosha, muage. Ukiwa pale pale, omba na chanjo ya kichaa cha mbwa: paka huugua ugonjwa huo na huweza kumwambukiza mtu.