Jeshi la mifupa na hewa kavu ya Dodoma

Napaka vinyago vya vita vya mezani mwaka wa saba huu, hapa hapa Dodoma, kwenye kibaraza cha nyuma ya nyumba kule Kisasa, na kitu ambacho natamani mtu angeniambia mapema ni kwamba mafundisho mengi utakayokuta mtandaoni yametoka kwa watu wanaoishi sehemu zenye unyevu. Games Workshop, hao wa mchezo wa Warhammer ambao umekuwepo tangu 1983, wako Nottingham Uingereza, Mantic wanaotoa mchezo wa Kings of War nao wako Nottingham. Sasa mtu wa kule akikwambia tone la rangi litakaa laini muda mrefu wakati we unapaka taratibu, anasema kweli kabisa, kwake. Ila we uko Dodoma mwezi wa nane, upepo unavuma toka asubuhi mpaka midomo inapasuka, tone hilohilo linakauka kabla hujamaliza kofia ya askari wa pili. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa najua mkono wangu ndo mbovu. Haikuwa mkono, ilikuwa hewa.

Kwa ambaye hajawahi kuona huu mchezo: unakusanya jeshi la vinyago vya urefu wa kama milimita 28 hivi, unaviunganisha mwenyewe, unavipaka mwenyewe, afu unakutana na mwenzako mezani mnapigana kwa tepu ya kupimia na dadu. Mi nacheza Kings of War na jeshi langu ni la wafu, mifupa mitupu inayotembea na mikuki. Niliichagua kwa sababu mbili, ya kwanza mifupa ndo kitu rahisi kuliko vyote kupaka kwa anayeanza, ya pili kwenye Kings of War kikosi hakipungui mtu mmojammoja, kinahesabiwa majeraha tu mpaka kinavunjika, kwa hiyo kikosi kizima unaweza ukakibandika moja kwa moja kwenye trei moja kama mandhari. Kikosi cha watu 20 cha waenda kwa miguu kinakaa kwenye trei ya milimita 100 kwa 80, na wala huhitaji kujaza wote 20, mi naweka 15 afu nafasi inayobaki naweka jiwe au kisiki. Hela inapungua, kazi inapungua, na kinapendeza zaidi.

Tuanze na gundi, maana hapa ndo wengi wanakata tamaa. Kama vinyago vyako ni vya plastiki inayokuja vipande vipande kwenye fremu, gundi ya plastiki haina shida, yenyewe inayeyusha plastiki kidogo na vipande vinaungana kuwa kimoja. Shida iko kwenye supa gluu, ambayo utaihitaji kwa vya chuma na kwa vya rezini, ile plastiki inayoanza kama maji afu inagandishwa. Nilikuwa nanunua supa gluu, nabandika mkono, nashikilia mpaka vidole vinakufa ganzi, nikiachia mkono unadondoka, nikawa nasema hizi za madukani ni feki. Kumbe supa gluu haikauki kwa kupoteza maji kama rangi, inagandishwa na unyevu, ule unyevu kidogo ulioko hewani na juu ya kitu unachobandika. Hewa ikiwa kavu sana inachelewa. Dawa yake ni ndogo tu: kabla hujabandika, hemea ile sehemu mdomo ukiwa wazi, kama unavyofanya ukitaka kusafisha miwani, kisha unganisha hapohapo. Kama kuna pengo nyunyiza beking soda kidogo juu ya gundi, inaganda papo hapo ngumu kama jiwe, ila hakikisha umeshaweka kipande sawasawa maana hutapata nafasi ya kurekebisha.

Wenye printa za 3D mna bahati moja na hatari moja. Rezini ikishaoshwa vizuri kwa spiriti jua letu linaimaliza kuikaza lenyewe, taa maalum si lazima, lakini usiiache mchana kutwa, inakuwa kavu ya kuvunjikavunjika, mikuki inakatika ukiigusa tu. Na vaa glovu wakati bado mbichi, hilo sibembelezi mtu. Hatari ni kwa wanaotumia ile plastiki ya uzi ya PLA, inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi za joto, na gari lililofungwa vioo kwenye jua la Dodoma, pale juu ya dashibodi panafika huko. Nimepoteza wapanda farasi watano kwa namna hiyo, walilala kama mishumaa.

Praima sasa, ile rangi ya kwanza inayofanya rangi nyingine zishike. Ya kopo la kupulizia ndo ya haraka ila kwenye upepo mkavu matone yanakauka yakiwa bado hewani, yakifika kwenye kinyago yameshakuwa vumbi, unapata uso wa kukwaruza kama msasa na hapo hata upake vipi hapatakuwa laini. Mi napulizia kuanzia saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 2, kabla upepo haujaamka, vinyago viko ndani ya boksi la katoni nimelilaza ubavu, umbali wa sentimita 20 hivi, napita harakaharaka mara nyingi badala ya kumwaga mara moja. Praima za madukani kwa watu wa rangi za magari zinafanya kazi ila baadhi zina nguvu sana zinakula plastiki, jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ulichobakiza. Na kama ni mwezi wa saba na upepo haulali hata alfajiri, achana na kopo, paka praima ya brashi.

Kitu kilichobadilisha upakaji wangu kuliko brashi yoyote ya bei ni paleti yenye unyevu, na ni kitu cha bure kabisa. Chukua kontena la chakula la plastiki lenye kifuniko kinachobana, tandika tishu au sponji nyembamba ndani, lowanisha mpaka ijae maji ila yasielee, juu yake weka ile karatasi ya kuokea keki. Rangi unaiweka juu ya karatasi. Maji yanapanda taratibu kupitia karatasi, rangi inabaki hai masaa, ukifunga kifuniko unaikuta kesho. Kule wenzetu wanaichukulia kama starehe, hapa bila hiyo huwezi kuchanganya rangi mbili zikafanana asubuhi na jioni. Halafu angalia maji unayotumia, visima vya mitaa mingi hapa maji yake yana chumvi, ukipunguzia nayo wino wa kivuli, ile rangi nyepesi ya kutia giza kwenye mifereji ya kinyago, yakikauka yanaacha alama nyeupe nyeupe humo. Tumia maji ya kunywa ya chupa, chupa moja ndogo inakutosha mwezi.

Mifupa yenyewe mi napaka hivi, na nafanya kumi kumi, siyo mmoja mmoja. Naanza na rangi ya mfupa kila mahali, hiyo nachanganya nyeupe, njano kidogo na tone la kahawia, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito. Ikikauka naja na kahawia iliyopunguzwa sana na maji pamoja na tone dogo la sabuni ya kuoshea vyombo, hiyo sabuni inafanya maji yasijikusanye kama matone bali yatiririke kuingia kwenye mbavu na macho. Hapa usiwe na haraka, na usikae kwenye upepo, maana wino ukikauka kabla haujatulia unaacha miduara. Kisha brashi kavu: unachovya brashi ya zamani kwenye rangi ya mfupa iliyokolezwa nyeupe, unaifuta kwenye tishu mpaka unahisi haina kitu, afu unapitisha juujuu. Zile sehemu zilizoinuka tu ndo zinashika. Hapo mifupa inatokea yenyewe mbele ya macho yako, mi mpaka leo nikifika hiyo hatua nasimama naangalia tu.

Nguo na ngao zote za jeshi langu ni zambarau ya zabibu zetu. Siyo kwa uzalendo peke yake, zambarau na ule unjano wa mfupa ni rangi zinazopingana, zikikaa pamoja kila moja inaipandisha mwenzake, na jeshi linaangaliwa na mtu aliyesimama, mita moja hivi toka mezani, haliangaliwi kwa lenzi. Kwa hiyo kila nikimaliza kikosi nakiweka chini, nasimama, nakiangalia. Kama sioni ngao ziko wapi na vichwa viko wapi narudi kuongeza mwanga na kivuli, wala sijali kama kucha za vidole sijapaka.

Udongo wa kwenye trei ndo penzi langu. Watu wanaagiza mchanga wa kopo toka nje wakati tumesimama juu ya udongo mwekundu mzuri kuliko wote. Siku moja nilikuwa nachota pembeni ya njia ya kuelekea Ntyuka, mzee mmoja akasimama na baiskeli yake.

"Mwanangu, udongo huo unaupeleka wapi?"

"Shikamoo babu. Nabandikia vinyago vyangu, nataka ule laini."

"Marahaba. Sasa mbona unachota wa njiani? Chukua wa kichuguu, mchwa wameshakuchekechea."

Alikuwa sahihi kabisa, udongo wa kichuguu ni laini hauna mchanga mkubwa, na kwa kipimo cha vinyago vyetu punje kubwa zinaonekana kama mawe. Nauponda, nauchekecha kwa chujio la chai, afu naukaanga kwenye kikaango kikuukuu dakika kumi hivi ili kama kuna mayai ya wadudu yafe. Napaka gundi nyeupe ya mafundi seremala kwenye trei, namwaga udongo, nakung'uta, kesho yake napitisha tabaka la gundi hiyohiyo iliyopunguzwa maji ili usipukutike. Utakolea, utakuwa mweusi kuliko ulivyoupenda, kwa hiyo malizia na brashi kavu ya rangi ya chungwa iliyofifia mpaka urudi kuwa Dodoma. Mibuyu natengeneza kwa waya na tishu zilizolowa gundi. Miamba natumia yale maboya meupe yanayokuja na boksi la TV, ila yapake kwanza gundi iliyochanganywa na rangi, ukipulizia kopo moja kwa moja yanayeyuka.

Meza ni futi 6 kwa 4. Plaiwudi inauzwa futi 8 kwa 4, mwambie fundi akukatie pale kwenye 6, kile kipande cha futi 2 ndo rafu yako ya kuwekea majeshi.

Kwenye kucheza nitasema kitu kimoja, ubavu. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, ana jeshi la binadamu, mwanzoni alikuwa anapenda kujipanga mstari mmoja mbele yangu. Tuseme kikosi changu kina mashambulizi 12, yaani dadu 12, kinapata kwa 4 kwenda juu, na kinaumiza kwa 4 kwenda juu. Mbele kwa mbele hiyo ni wastani wa majeraha 3. Ubavuni mashambulizi yanakuwa mara mbili, majeraha 6. Mgongoni mara tatu, majeraha 9. Halafu unarusha dadu mbili unajumlisha na majeraha kupima moyo wao, tuseme wanakimbia jumla ikifika 16. Ukiwa na 3 haiwezekani, hata ukipata 12 unaishia 15. Ukiwa na 6 unahitaji 10 kwenda juu, mara moja kati ya sita. Ukiwa na 9 unahitaji 7 tu, hiyo ni zaidi ya nusu. Kikosi kilekile, mikuki ileile, umezunguka tu.

Na mifupa ni mizito, haina mwendo wa mbio, kwa hiyo kuzunguka huwezi kwa miguu. Ndo kazi ya mchawi. Baada ya vikosi vyangu vyote kumaliza kusogea anapuliza uchawi wake unaokisukuma kikosi mbele inchi kadhaa, dadu ndo zinaamua ngapi, na kikigusa adui hapo ni shambulio. Mi naacha kikosi kimoja pembeni kikiangalia ubavu wa njia ambayo najua atapita, kimesimama kama vile kimesahaulika. Jumamosi iliyopita mpwa wangu akapitisha mikuki yake pale katikati, akasogea, akaweka tepu chini, kisha akaanza kukiangalia kile kikosi, akahesabu inchi kwa kidole.

"Mjomba," akasema, "hiki ulikiweka hapa toka mwanzo?"

Nikampa dadu za mchawi azirushe yeye mwenyewe.